Inchi Mbili Ndani ya Pindo

Juzi mjukuu wangu alinileta kwenye karakana yenu hapo Voi, mnaposhonea sare za shule, nikaombwa niwape mawaidha. Sikusema kitu cha maana, nanyi mkanipigia makofi kwa heshima tu. Lakini nilipokuwa natokea mlango wa nyuma niliona lile rundo la mabaki ya vitambaa mnalolichoma moto kila Ijumaa. Nilisimama pale nikachokora kipande kimoja kwa fimbo. Kilitosha mifuko miwili ya shati na kola ya mtoto. Basi mawaidha yenyewe ndiyo haya, nimeyaandika kwa sababu siku hizi mdomoni hayatoki vizuri.

Msidhani nawagombeza. Haya, nawagombeza kidogo. Ila haki ya kugombeza sana sina, kwa sababu katika miaka ya hamsini hakuna fundi Voi nzima aliyejua kubana kitambaa kunishinda mimi, na uhodari wangu huo ulimwondoa kazini mtu aliyenifundisha kushika mkasi. Nina miaka tisini na ushee. Jambo hili bado linaniuma.

Nilishuka kutoka Sagalla nikiwa mtu mzima, nimeoa, na kushona nilikuwa nimejifunza kwa akina mama wa kanisa, jambo lililowapa wenzangu kicheko cha mwaka mzima. Duka moja karibu na stesheni lilikuwa na cherehani mbili. Ya miguu ilikaa mbele barazani, penye mwanga, na aliyeiendesha ni Fundi Athumani, Mswahili wa Vanga, mtu mwembamba, mwenye kofia safi na maneno machache. Ya mkono ilikaa ndani, nyuma ya magunia ya maharagwe, ambako hata saa sita mchana ulilazimika kukodoa macho. Hiyo ndiyo niliyopewa mimi. Kila siku nilikuwa naitazama ile nafasi ya mbele na kuitamani.

Fundi Athumani hakujua kutupa kitu. Sabuni ikiisha, kile kigae kinachobaki alikikausha juani, na hiyo ndiyo chaki yetu. Uzi wa bandi, ule wa kushikiza nguo kabla ya kuipitisha kwenye cherehani, aliuvuta polepole usikatike, akauzungushia kijiti, ukatumika tena na tena mpaka ukawa unyoya. Shuka iliyolika katikati aliipasua kwa urefu, akaleta kingo katikati, na mama aliyeileta akaondoka na shuka ya miaka mingine mitatu. Kola ya shati ikichakaa upande mmoja aliifumua akaigeuza. Nguo iliyokufa kabisa haikutupwa kabla ya kuvuliwa vifungo.

Mifuko ya unga nayo ilikuwa ya marekani nzuri, tukashonea mashati. Maandishi yake hayakutoka hata ukifua mara kumi, kwa hiyo Fundi alinionyesha namna ya kuyapeleka chini kwenye mkia wa shati, unapochomekwa ndani ya suruali. Shati langu la kwanza niliyaweka mgongoni bila kufikiri. Mzee mmoja wa kanisa akasali mwezi mzima akiwatangazia uzito wa unga waumini waliokaa nyuma yake. Fundi alicheka mpaka akavua miwani.

Miwani yenyewe ilikuwa haimsaidii sana, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye kazi yangu, nilikuwa namtungia Fundi sindano. Hakuna aliyeniagiza. Siku moja nilimwona akihangaika na tundu la sindano, nikaichukua mkononi mwake nikatunga, na kesho yake nikatunga kumi. Nilizichomeka kwenye ukosi wa koti lake, kila moja na uzi wa urefu wa mkono. Yeye alisema tu, "Ahsante, mwanangu," nasi tukaanza kazi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, yeye wala mimi.

Sasa niwaeleze habari ya inchi mbili. Nguo ya mtoto, Fundi hakuikata kwa kipimo cha mtoto. Aliacha inchi mbili zimekunjwa ndani ya pindo, na inchi moja kwenye mshono wa makalio, na alikuwa anaita hiyo akiba ya ndani. Mama Mghoi, mjane mmoja wa kule kwetu Sagalla, alileta kitambaa cha kaki cha kaptura ya mwanawe alipoanza darasa la kwanza. Kila Januari alishuka mlimani na ile kaptura, Fundi akafumua pindo kidogo, akashusha. Kaki iliyokuwa ndani haijaona jua, ikatoka na rangi yake, kwa hiyo ungeweza kujua mtoto yuko darasa la ngapi kwa kuhesabu mistari ya kaptura. Mtoto alifika darasa la nne na nguo ile ile. Mimi nilimwona Fundi mjinga. Nilijiambia, kitambaa chote hicho kimelala ndani ya pindo, hakimfaidi mtu.

Jambo la pili lilikuwa maji. Kaki na marekani ya siku hizo ilirudi ikilowa, yaani ilinywea, kwa hiyo Fundi hakugusa mkasi kabla jora zima la kitambaa halijalowekwa na kukaushwa. Maji yale ya debe moja aliyatumia kwa jora la pili na la tatu, kisha akayamwaga kwenye shina la mpapai nyuma ya duka. Mapapai yake yalikuwa matamu, na watu walisema yana ladha ya kaki.

Mwaka mmoja mvua ikagoma kabisa. Akina mama walipanga foleni na madebe stesheni kungojea maji yaletwe na treni, na kule Sagalla ng'ombe walianguka njiani. Mwaka huo huo shamba moja la katani upande wa Taveta likaagiza kaptura za wafanyakazi wake wote. Mwenye duka akaleta majora ya kaki mpaka tukakosa pa kupita. Jora la kwanza akampa Fundi Athumani. La pili akanipa mimi, nami nikajua hii ndiyo nafasi yangu.

Sikulala kazini, nawaambia. Nilichora vielelezo vya kukatia kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nikavigeuza vikalaliana, mguu wa huyu kwenye kiuno cha yule, mpaka katikati hapakupita hata kidole. Hilo lilikuwa jambo jema, na nawaomba mlifanye. Lakini sikuishia hapo. Pindo la inchi mbili nikalifanya nusu inchi. Inchi ya makalio nikaila karibu yote. Na jora sikuliloweka, kwa sababu kulowekwa hupunguza kitambaa, ila mdomoni nilisema naokoa maji. Mwaka ule nani angebisha?

Jora la Fundi lilitoa kaptura thelathini. Langu likatoa thelathini na nne, na mabaki yake yakaenea kwenye kiganja cha mkono. Mwenye duka aliyashika akayatazama, akaita mpaka jirani zake waje waone.

Fundi Athumani alichukua kaptura yangu moja, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono.

"Mwakio," akasema, "hizi nne za ziada umezitoa wapi?"

"Nimebana, Fundi. Kwenye jora."

"Hukuzitoa kwenye jora. Umezitoa kwenye makalio ya watu."

Watu wawili barazani wakacheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilitaka anisifu. Nilimjibu kwamba dunia inabadilika na kwamba yeye anakata nguo kama bado tuko zamani za kaniki. Fundi aliirudisha kaptura mahali pake akaikunja vizuri.

Kesho yake mwenye duka alikuja na maneno ya upole. "Fundi, umri umekwenda. Hebu kaa kule ndani upumzike mbali na upepo na vumbi hili. Huyu kijana akae mbele, ndiye atakayekata oda yote." Fundi alichukua mto wake wa kukalia, mkasi wake na miwani, akaenda nyuma ya magunia ya maharagwe. Mimi nikakaa penye mwanga. Nilifurahi. Sitawaficha hilo, nilifurahi sana, na jioni niliporudi nilimwambia mke wangu kwamba sasa mimi ndiye fundi.

Siku hiyo sikutunga sindano. Nilikuwa na majora ya kukata na watu wa kuwaonyesha ninavyokata. Siku ya pili pia sikutunga. Nikiwa mbele pale nilimsikia kule gizani akilamba ncha ya uzi, kimya kidogo, kisha akilamba tena. Unajua sauti ile ukiwa fundi. Nilikuwa na mteja mbele yangu, karani wa reli aliyekuja kupimwa suruali, nikaendelea kusoma futi kama sikusikia kitu. Siku ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Hakuniita hata mara moja.

Siku ya nne alifika asubuhi akiwa ameshika fimbo na kifurushi cha nguo. Aliongea na mwenye duka kando kwa muda mfupi. Kisha akaomba apewe gunia moja tu, la mabaki ya kaki ya miaka yote aliyoyaweka chini ya meza, ambayo mimi nilikuwa nimepanga kuyatupa. Alisema anakwenda Taveta kwa dada yake. Aliponiaga niliona ukosi wa koti lake una sindano kadhaa, zote tupu. Nilimwambia, "Safari njema, Fundi," nikarudi kwenye mkasi.

Oda ilikwisha kabla ya wakati, tukaipakia kwenye treni. Halafu mvua ya vuli ikanyesha.

Ninyi mmesoma, mnajua lililotokea. Kaki ambayo haijalowekwa ililowa miilini mwa watu shambani, ikarudi. Mkata katani huinama kutwa nzima. Akiinama, mshono wa makalio unavutika, na mshono wangu ulikuwa umeshika ukingo wa kitambaa tu. Kaptura zangu ziliachia zote, moja baada ya nyingine, na wanaume wazima wakafanya kazi wamejifunga magunia viunoni. Shamba likarudisha gunia zima la kaptura zilizoharibika. Mwenye duka akalimwaga mbele yangu barazani, watu wakitazama.

Nilitaka kuzishona upya siku hiyo hiyo. Niligeuza ya kwanza ndani nje, nikatafuta pa kushika. Hapakuwapo. Nikageuza ya pili, na ya kumi. Ndani hamkuwa na kitu cha kufumua wala cha kushusha, kitambaa chote kilikuwa nje na kilikuwa kimekwisha. Niliongeza nne kwa kila jora nikapoteza majora mazima, na maji yale niliyojidai kuyaokoa hayakufika hata madebe matano. Siku zile kitambaa kilipatikana kwa shida, vijana wangu, na mimi nilikigeuza matambara ya kufutia mashine.

Mwenye duka hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Athumani aliniambia hivi," akasema. "Siku aliyoondoka alinisihi nisipeleke hizi kaptura. Mimi nikadhani ni wivu. Panda treni umlete, umwambie kiti chake cha mbele kiko."

Taveta nilimkuta sokoni, amekaa kwenye mkeka karibu na ukuta wa duka, rundo la nguo liko kando yake. Nilisimama mbele yake. Akasema, "Sogea, bwana, umenizibia mwanga," kabla hajajua ni nani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akanyanyua uso. "Kumbe ni Mwakio! Karibu. Wa Voi wote hawajambo?"

Nilipochuchumaa ndipo nilipoona alichokuwa nacho mapajani. Ilikuwa kaptura yangu. Rundo lote lile lilikuwa kaptura zangu, zile ambazo wenyewe hawakukubali zirudishwe, wakaja nazo sokoni. Alikuwa amefungua makalio akatia kipande cha pembe nne katikati, ili mtu akiinama nguo imfuate. Vile vipande vilitoka kwenye gunia la mabaki alilolibeba kutoka Voi.

"Hizi nilikata mimi," nikasema.

"Najua. Nimepapasa mshono nikaujua. Hufungi uzi mwisho, miaka yote nakwambia."

"Umewaambia wenyewe ni nani aliyekata?"

"Niwaambie nini? Wao wanataka kaptura. Wewe watakufanyia nini?"

Nilimwomba msamaha. Akanitaka nirudie kwa sauti, nikarudia, na akina mama wa ndizi wakageuka kututazama. Nilimwambia mwenye duka anamtaka, kiti kiko, cherehani ya miguu iko. Aliendelea kupapasa ile kaptura.

"Mwanangu, mwanga wa mbele sasa hauniingii. Nilikuwa najidanganya pale. Kila asubuhi nakuta sindano zina uzi, nasema, Athumani, macho yako bado. Nilipokwenda kule nyuma ya magunia ndipo nikajua yamekwisha zamani. Hukuniharibia macho wewe. Ulinionyesha tu."

Alisema hivyo kunipunguzia mzigo, lakini mzigo haukupungua. Angeweza kubaki barazani miaka mingine mitano bila kujua, na kila siku angeshona nguo nzuri.

"Sasa nani anakutungia hapa?"

"Namwomba mpita njia. Siku nyingine anapatikana. Siku nyingine nakaa tu."

Nilikaa kwenye mkeka nikamwambia anipe sindano zake zote. Zilikuwa ishirini na mbili. Nilizitunga moja moja, uzi wa urefu wa mkono, nikazichomeka kwenye kipande cha kaki kilichokunjwa mara nne, nikakiweka mahali mkono wake wa kulia utakapokikuta.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi nilipanda treni kwenda Taveta. Nilibeba uzi, na kifurushi cha mabaki ya Voi, maana sikutupa tena hata utepe. Nilitunga sindano, naye akanifundisha akiwa ameshika vidole vyangu: kile kipande cha pembe nne, kola ya kugeuza, namna ya kupapasa kitambaa ukajua kitarudi kwa kiasi gani. Yote mnayosikia watu wakinisifia niliyapata kwenye mkeka ule, sikuyapata kwenye kiti cha mbele. Kiti nilikikalia kwa miaka mingi baadaye, na sikuwahi tena kukikalia kwa raha.

Mwezi mmoja nilifika sokoni nikakuta mkeka haupo. Nikaenda kwa dada yake. Alinikaribisha, akaniletea maji ya kunywa, akaniacha nimalize. Kisha akaniambia Fundi aliugua kesho yake baada ya mimi kuondoka safari iliyopita, akakaa siku sita, wakamzika. Hakuna aliyejua pa kunipelekea habari. Akaingia ndani akatoka na kile kipande cha kaki kilichokunjwa mara nne.

"Alisema hiki ni chako," akasema.

Nilizihesabu pale pale. Sindano ishirini na mbili, na zote zilikuwa na uzi. Hakuwahi kushonea hata moja tangu nilipomtungia mara ya mwisho.

Ziko kwenye kopo hapa mezani ninapoandika. Mwaka juzi nilitaka kushona kifungo cha shati langu kwa mojawapo, nikaona ni haki yake itumike, lakini uzi umeoza, ukiuvuta unakatika. Ijumaa nitakuja karakana na hilo kopo. Msiwashe moto kabla sijafika. Na mmoja wenu mwenye macho mazuri akae karibu yangu, kwa sababu mimi tundu la sindano silioni tena.